Gari Linunuliwalo kwa Simu

Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu





Kwanza natanguliza shukrani kwa Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii tukiwa wazima, na Umoja wetu ukiwa umetimiza miaka kumi. Kamati imenitaka niseme machache. Ningaliweza kuwasomea hesabu za magunia na za hisa, lakini hizo zimekwisha kusomwa na Bi Mweka Hazina kwa ufasaha kuliko wangu. Kwa hiyo nimechagua jambo moja ambalo limekwisha kuingia katika nyumba zetu na katika mifuko yetu, nalo ni namna watu wa kisiwa hiki wanavyonunua magari siku hizi. Sikulichagua kwa kujifurahisha. Mkutano huu utaulizwa leo kama Umoja ununue gari la pili, na yafaa kila mwanachama ajue fedha yake itapita njia gani kabla hajainua mkono.

Zamani, na zamani hiyo si ya mbali, mtu wa Pemba aliyetaka gari alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupanda meli kwenda Unguja, kumtafuta dalali, na dalali akampeleka kwa mwenye gari. Mnunuzi akalizunguka gari mara mbili, akapiga teke mpira, akafungua boneti asijue kilichomo ndani yake, akaisikiliza injini, kisha akamwomba Mungu na kuhesabu fedha. Njia ya pili ilikuwa ya wale wenye jamaa katika Ghuba. Jamaa aliyeko Dubai alipewa agizo, naye akaenda Ras Al Khor, mahali ambapo magari yaliyotumika huuzwa kwa watu wa nchi za nje, akachagua na kulisafirisha. Mwenye jamaa mwaminifu na mjuzi alipata gari. Asiye naye alipata maneno.

Katika njia zote mbili hizo, bei ilikuwa ndani ya kifua cha mtu mwingine. Mnunuzi hakuwa na mahali pa kuuliza gari la namna ile limeuzwaje jana, na ubovu wa gari aliujua baada ya kulilipia.

Mambo yalianza kugeuka kidogo kidogo. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali mno. Baadaye gharama zilishuka, na simu za kiganjani zikafika hata kwa vijana wetu wanaochuma karafuu. Wakati huohuo makampuni ya Japani, mathalan BE FORWARD iliyoanzishwa mwaka 2004, yalikuwa yakiweka picha za magari yao mtandaoni, kila gari na bei yake kwa dola, mwaka wake, na kilomita ilizokwenda. Leo mtu aliyekaa barazani Konde aweza kuyatazama magari yaliyopangwa bandarini Yokohama kabla chai yake haijapoa.

Labda mtu atauliza, kwa nini Japani? Sababu ni mbili. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wa magari yao uko upande tuuzoeao. Tena serikali yao hulazimisha ukaguzi wa magari: gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama zake, na wenye magari wengi huona heri kuuza kuliko kulipa tena. Ndiyo sababu gari huuzwa kwao likiwa bado lina maisha marefu kwetu.

Ndugu zangu, jambo hili la kuuziana vitu vilivyotumika limewashughulisha hata wataalamu wakubwa. Mwaka 1970 bwana mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika. Alisema kwa ufupi hivi: muuzaji aujua ubovu wa gari lake, na mnunuzi haujui. Kwa kuwa haujui, mnunuzi hutoa bei ya wastani kwa kila gari. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo haimlipi, hulirudisha nyumbani. Hatimaye sokoni hubaki mabovu matupu. Mwaka 2001 bwana huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na wenzake wawili.

Sisi wakulima tulilijua jambo hilo mapema, ingawa hatukuliandika. Fikirini kama mnunuzi wa karafuu angalinunua magunia yote kwa bei moja bila kuyafungua. Aliyeanika karafuu zake vizuri juu ya jamvi angalipata sawasawa na aliyechanganya makonyo na mpeta. Mwaka wa kwanza angalinung'unika. Mwaka wa pili naye angalichanganya. Kwa sababu hiyo yako madaraja, na kwa sababu hiyo karafuu hukaguliwa kituoni kabla ya kupimwa. Daraja ndilo linalomtetea mkulima mwaminifu.

Basi nawaambieni kwamba magari nayo yana madaraja yake, na hapa ndipo simu ilipoleta faida kubwa kuliko zote. Huko Japani magari mengi yaliyotumika hupita katika minada mikubwa, kama ile ya kampuni ya USS. Kabla ya mnada, mkaguzi ambaye si mwenye gari wala si mnunuzi hulitazama gari na kuliandikia karatasi. Humo huliwekea alama. Alama ya 5 ni ya gari zuri sana, 4 ni zuri, 3 lina kasoro zinazoonekana. Herufi R huonyesha gari lililopata ajali na kutengenezwa. Katika karatasi hiyohiyo huwa na mchoro wa gari, na juu yake huandikwa herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokwisha kutengenezwa, S ni kutu. Namba iliyo mbele ya herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, kwa hiyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa.

Karatasi hiyo zamani haikutufikia. Ilibaki kwa wafanyabiashara. Leo mnunuzi aweza kuidai, na muuzaji mwema huituma kwa simu. Kadhalika kuna namba ya chesisi, ambayo humwezesha mtu kujua gari limeundwa mwaka gani. Na mwaka wa kuundwa waweza kuwa nyuma ya mwaka wa kuandikishwa. Tofauti hiyo si ndogo, maana umri wa gari huongeza kodi, na nchi nyingine hulikataa kabisa gari lililozeeka: Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yaliyozidi miaka kumi na mitano. Kwa hiyo asije mtu akaona bei katika ukurasa wa muuzaji wa Mombasa akadhani ndiyo bei yetu.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Marekani kilikuwapo kitabu cha bei za magari, Kelley Blue Book, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1926 kwa ajili ya wafanyabiashara wa magari. Kwa miaka mingi muuzaji alikuwa na kitabu mkononi na mnunuzi alikuwa mikono mitupu. Mwaka 1995 bei zile ziliingia katika intaneti, na tangu hapo mnunuzi huingia dukani akijua. Mizani imehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, huko na huku.

Ndugu Mwenyekiti, kama ningeishia hapa, hotuba hii ingekuwa ya kuisifu simu. Lakini sina budi kusema na upande wa pili, na kuusema nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Umoja wetu alikuja ofisini. Alikuwa na fedha ya misimu miwili ya karafuu, na ng'ombe mmoja aliyeuzwa. Alitaka gari la kubebea mazao ya wanawe na ya majirani. Mjukuu wake alikuwa amempata muuzaji katika simu, mwenye picha nzuri na bei iliyokuwa chini kuliko ya wengine wote. Muuzaji alileta barua ya Kiingereza, na mzee akaniomba niisome, kwa kuwa mimi nimemaliza Kidato cha Nne na ndiye msomaji wa barua za ofisi.

Nikaisoma. Barua ilisema kwamba akaunti ya kampuni imefungwa kwa muda kwa ajili ya ukaguzi wa hesabu, na kwamba fedha ipelekwe katika akaunti ya mtu mmoja, jina lake likatajwa. Nilifasiri neno kwa neno, bila kosa hata moja. Mzee akaniuliza, "Katibu, mambo yako sawa?" Nikajibu, "Yako sawa, mzee." Siku ya tatu fedha ikapelekwa. Siku ya kumi ukurasa ule ukatoweka, na namba ya simu ikawa haipokewi. Tulikwenda benki, tukaenda polisi. Fedha ilikwisha kuchukuliwa ng'ambo, na mpaka leo haikurudi.

Kiingereza changu cha skuli kilinidanganya. Niliyaelewa maneno, sikulielewa jambo. Na zaidi ya hayo, niliona haya kusema kwamba sijui, kwa kuwa mzee alikuwa amekuja kwangu kama kwa mtu ajuaye. Mzee huyo yupo nasi hapa leo. Amenipa ruhusa kulieleza jambo hili, kwa sharti nisimtaje jina. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililo zito kwangu.

Nimelitafakari sana jambo lile, na nimeona kwamba simu haikuuondoa ule ujinga wa mnunuzi ambao bwana Akerlof aliuandika. Imeuhamisha. Zamani hatukujua ubovu wa gari. Sasa twaweza kuujua, lakini hatumjui muuzaji. Zamani dalali tulimjua kwao, tulimjua baba yake, na akitudhulumu tulikutana naye msikitini Ijumaa. Huyu wa sasa ana picha tu. Mtu mmoja aliyekaa peke yake usiku na simu yake, hata awe msomi, ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia kuliko watu watatu waliokaa mchana barazani.

Ushahidi wa hayo ni gari letu la kwanza, lile dogo la mizigo ambalo ndugu zetu wa Bara huliita kirikuu. Kamati ilipoanza kulitafuta, nilikwisha kupata somo langu. Safari hii tulikaa watu watatu: mimi, fundi wetu wa magari, na Bi Mweka Hazina. Tulipata gari lenye kung'aa, nami nilikuwa tayari kulikubali. Bi Mweka Hazina akauliza swali moja: "Karatasi ya mnada iko wapi?" Tukaiomba mara ya kwanza, tukaletewa picha nyingine za gari. Tukaiomba mara ya pili, tukaletewa punguzo la bei. Mara ya tatu tukaambiwa imepotea. Bi Mweka Hazina akasema, "Basi na fedha yetu imepotea, hatuioni," akafunga daftari.

Gari tulilonunua mwishowe halikuwa zuri kama lile. Karatasi yake ilikuwa na alama ya tatu na nusu, na mkwaruzo wa A2 ubavuni. Fundi akauliza kama limetumika kaskazini mwa nchi ile, katika mikoa ya theluji, maana huko barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma kutoka chini. Nasi hapa tunao upepo wa bahari wa kuimalizia kazi hiyo. Tukaletewa picha za uvungu. Fundi akauliza tena kama vipuri vyake vyapatikana Chake Chake, jambo ambalo hakuna ukurasa wa Japani uwezao kulijibu. Tuliambiwa kasoro za gari lile, tukalinunua tukizijua. Ndilo lililoleta viti mlivyokalia asubuhi hii.

Liko jambo jingine linalowapoteza wengi, nalo ni bei ya kwanza. Katika kurasa hizo kuna bei iitwayo FOB, yaani bei ya gari likiwa limepakiwa melini huko Japani. Kuna nyingine iitwayo CIF, ambayo imejumlisha bima na nauli mpaka bandari ya kushukia. Mtu huiona ya kwanza, akauza shamba. Tufanye mfano wa hesabu tu, si bei ya gari lolote. FOB dola 2,000. Bima na nauli dola 1,500. CIF huwa dola 3,500. Ushuru wa forodha ukiwa 25 kwa mia ya CIF, ni dola 875, na jumla imekwisha kuwa 4,375. Hapo bado kodi nyingine, gharama za bandari, wakala wa forodha, kuandikisha gari, bima ya barabarani, na nauli ya meli kutoka Unguja mpaka kwetu Pemba. Tena mwenye kutoza kodi hafungwi na bei uliyolipa wewe. Ana makadirio yake ya thamani ya gari, na Mamlaka ya Mapato imeyaweka makadirio ya namna hiyo mtandaoni, mtu aweza kuyatazama kabla hajalipa. Asiyefanya hesabu hii huliacha gari bandarini likilipiwa maegesho, huku yeye akizunguka kukopa.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mbele ya Mkutano mapendekezo matano, ambayo Kamati imeyakubali.

La kwanza, ofisi ifungue Daftari la Magari. Kila mwanachama aliyeagiza gari aandikiwe humo: aina, mwaka, alama ya mnada, muuzaji, gharama zote mpaka Pemba, na hali ya gari baada ya mwaka mmoja. Aliyepata hasara naye aandikiwe, bila kutajwa jina kama hataki.

La pili, mwanachama anayetaka msaada wa ofisi asisomewe barua na mtu mmoja. Asomewe na watu watatu, na mmoja wao awe fundi.

La tatu, fedha ipelekwe kwa njia ya benki tu, katika akaunti yenye jina lilelile la kampuni. Ikija habari kwamba akaunti imebadilika, kazi isimame hapo hapo, hata kama barua imeandikwa kwa Kiingereza kitamu. Namba ya simu ya kuulizia itafutwe mahali pengine, isichukuliwe katika barua ile. Vilevile kuna chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika wa Japani, JUMVEA, ambacho huonyesha orodha ya wanachama wake, yafaa kuitazama.

La nne, kabla ya fedha kutoka, hesabu yote iandikwe katika karatasi moja, tangu FOB mpaka kijijini, na mwenye fedha aitie sahihi akiwa ameielewa.

La tano, gari lisilo na karatasi ya mnada lisinunuliwe kwa fedha ya Umoja, liwe rahisi namna gani.

Najua baadhi ya vijana watasema kwamba haya ni kuchelewesha, na kwamba gari zuri haliwangojei watu watatu wakutane. Ni kweli, huenda tukakosa gari moja au mawili. Lakini haraka haraka haina baraka, na gari lililotupita halijamfilisi mtu. Wala sisemi kwamba madalali wote ni wabaya. Wako walioacha kuficha bei, wakawa wanawasaidia watu kuagiza na kutoa gari bandarini kwa ujira unaojulikana. Hao ni wenzetu, na majina yao yataingia katika Daftari pamoja na sifa zao.

Nitamaliza kwa kukumbusha asili yetu. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao mafundi wa kufuma, walichanga akiba zao wakafungua duka. Walikuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine na mizani iliyopunjwa. Hawakuwa na fedha nyingi wala elimu kubwa. Walikuwa na azimio moja, kwamba mnunuzi apate kitu safi kwa kipimo kamili, na kwamba habari za duka ziwe wazi kwa kila mwenye hisa. Kutokana na duka lile ushirika ulienea duniani, nasi tukafikiwa.

Simu ni chombo kizuri. Imetupa macho ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Lakini jicho moja hudanganywa, na kidole kimoja hakivunji chawa. Tukitafuta pamoja, tukasoma pamoja na kuandika tulichokiona, elimu ya mmoja itakuwa ya wote, na hasara ya mmoja itakuwa kinga ya wengine. Yule mzee alilipa ada ya somo hili peke yake. Si haki sisi wengine tulilipie mara ya pili.

Wiki iliyopita nilimwuliza kama bado anataka gari. Akaniambia, "Nataka, Katibu. Lakini safari hii nitakuja na wenzangu." Daftari lipo mezani, na ukurasa wake wa kwanza bado ni mweupe.